Kuuza kampuni ya uangalizi wa wagonjwa majumbani Mwanza: kinachouzwa hasa, bei yake, na mahali pesa zinapopotelea

Kampuni inayopeleka wahudumu kuwaangalia wazee na wagonjwa nyumbani kwao haina mali nyingi za kushikika. Ofisi ni ya kupanga. Ndani kuna kompyuta mbili, mashine kadhaa za kupimia presha na sukari, vitanda viwili vya wagonjwa vya kukodisha, pengine na bajaji moja. Ukiviuza vyote mnadani hupati hata mauzo ya mwezi mmoja. Ndiyo maana wamiliki wengi hushtuka wakisikia bei ya mnunuzi, na wanunuzi wengi hushtuka miezi mitatu baada ya kulipa, wanapokuta nusu ya familia zimeshaondoka. Kilichokuwa kikiuzwa ni imani: wahudumu wanamwamini mwajiri wao, na familia zinamwamini yule anayepokea simu saa nane usiku mzee anapoanguka chooni. Imani hiyo inaweza kuhamia kwa mtu mwingine, ila inataka maandalizi ya miezi mingi kabla ya siku ya kusaini.

Sensa ya 2022 iliukuta Mkoa wa Mwanza na watu zaidi ya milioni 3.6, na wilaya za Nyamagana na Ilemela pekee zilipita milioni 1.1. Watu ni wengi, lakini familia zinazomudu kulipia mhudumu kila mwezi ni chache na zinajuana. Wateja hutokea njia zilezile: mgonjwa wa kiharusi anaporuhusiwa kutoka hospitali za Bugando au Sekou Toure, kwenye kliniki za mazoezi ya viungo, kanisani, msikitini. Wauguzi wengi wamesoma vyuo vilevile. Kila hatua ya mauzo inafanyika mbele ya watu hao, na muuzaji apange akilijua hilo.

Habari ikivuja kabla ya wakati

Tangazo likisema "kampuni ya kuangalia wazee, ofisi Isamilo, wahudumu 24", mwenye kampuni ameshajitaja jina. Tangazo la kwanza litaje kwamba ni biashara ya huduma za afya Kanda ya Ziwa, ina miaka mingapi, na mauzo yake ya mwaka kwa makadirio. Jina litolewe baada ya mtu kusaini mkataba wa usiri na kueleza pesa zake zinatoka wapi. Vikao vifanyike kwa wakili au kwa mhasibu, kamwe si ofisini ambako wahudumu wanapita kuchukua glavu.

Sababu ya tahadhari hii ni hesabu rahisi. Chukua familia inayolipa kampuni shilingi 700,000 kwa mwezi, na mhudumu wao analipwa 320,000. Wakikubaliana kwa siri 450,000 bila kampuni, familia inaokoa 250,000 na mhudumu anaongeza 130,000. Kishawishi hicho kipo kila siku. Kinachowazuia ni kwamba kampuni huleta mtu wa badala mhudumu akiugua, msimamizi anapita kukagua, na kuna mtu wa kuwajibika kitu kikipotea ndani au mgonjwa akiumia. Wiki ambayo fununu za kuuzwa zinasambaa, faida hizo zote zinaanza kutiliwa shaka. Mhudumu anajiuliza kama mshahara wa mwisho wa mwezi utaingia. Mtoto wa mgonjwa aliye Dar es Salaam anajiuliza nani sasa atakuwa na funguo za nyumba ya mama yake. Hapo ndipo zile simu za pembeni zinapoanza.

Kinga ya kweli huwekwa mwaka mmoja kabla. Mkataba wa familia uwe na kifungu kwamba wakimwajiri mhudumu moja kwa moja, ndani ya miezi 12 tangu alipowahudumia, watalipa ada ya mwezi mmoja au miwili. Kifungu hicho kinadaika kwa sababu ni bei ya huduma ya kutafuta, kuchuja na kufundisha mtu. Kumzuia mhudumu mwenyewe asifanye kazi kwingine ni habari nyingine: Sheria ya Mikataba inayakataa kwa kawaida makubaliano ya kumfungia mtu riziki halali. Muuzaji wa jina la biashara ndiye anayeweza kubanwa asifungue biashara ya aina hiyohiyo, na hapo pia lazima eneo na muda viwe vya haki. Miaka miwili au mitatu ndani ya Nyamagana, Ilemela, Magu na Misungwi inaeleweka. "Tanzania nzima, milele" itaanguka mahakamani.

Bei inavyopatikana

Hapa ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa, kwa hiyo tuifanye hesabu hadi mwisho. Tarakimu ni za mfano, lakini mpangilio wake ndio unaokutwa kwenye kampuni nyingi za ukubwa huu.

Familia 20 zinalipa wastani wa 700,000: mauzo ni 14,000,000 kwa mwezi. Mishahara ya wahudumu 24 pamoja na michango ya mwajiri inachukua 8,750,000. Kodi ya ofisi, nauli, vifaa na simu ni 1,750,000. Inabaki 3,500,000 kwa mwezi, yaani 42,000,000 kwa mwaka. Mmiliki anaona kampuni yenye faida ya milioni 42, anaizidisha mara tatu, na anapata milioni 126.

Mnunuzi makini hafiki huko. Kwanza anarudisha matumizi binafsi yaliyopitishwa kwenye biashara, tuseme mafuta ya gari la nyumbani 300,000 kwa mwezi. Hayo ni 3,600,000 kwa mwaka, na faida inapanda kuwa 45,600,000. Kisha anauliza: mmiliki analipwa nini? Mara nyingi hajilipi mshahara. Ni muuguzi, anawatathmini wagonjwa wapya, anapanga zamu, anapokea simu za usiku. Akiondoka, atahitajika muuguzi msimamizi na mtu wa kupanga zamu. Wakiwagharimu 1,700,000 kwa mwezi pamoja na michango, ni 20,400,000 kwa mwaka. Faida inayobaki kwa mwenye mali asiyefanya kazi ndani ni 25,200,000.

Kwa kampuni ndogo inayomtegemea mtu mmoja, mara mbili hadi tatu ya faida hiyo ndiyo bei tunayoiona ina akili: kati ya milioni 50.4 na 75.6. Inakaribia tatu pale ambapo msimamizi wa zamu tayari yupo na amekaa, mikataba imeandikwa, na pesa zote zinapita benki. Inashuka chini ya mbili pale ambapo daftari la mmiliki na kichwa chake ndivyo mfumo wote.

Hesabu hiyo inaonyesha pia kazi yenye thamani kuliko zote kwa anayetaka kuuza. Akimwajiri msimamizi sasa, faida ya kwenye karatasi itapungua, lakini mnunuzi hatakuwa tena na sababu ya kumkata milioni 20 wala kuogopa siku atakayoondoka.

Jambo la pili linaloangusha bei ni mteja mmoja mkubwa. Tuseme nyumba ya watawa wastaafu, au kampuni inayowalipia wafanyakazi wake waliopata ajali, inaleta asilimia 30 ya mauzo: 4,200,000 kwa mwezi. Gharama ya wahudumu wake ni kama 2,625,000. Akiondoka, ofisi na msimamizi hawapungui, kwa hiyo kampuni inapoteza 1,575,000 kila mwezi, sawa na 18,900,000 kwa mwaka. Faida ya 25,200,000 inabaki 6,300,000. Karibu theluthi ya mauzo imekwenda na robo tatu ya faida. Mnunuzi atamtaka mteja huyo asaini mkataba mpya kabla ya fedha kutoka, na ana haki.

La tatu linasahaulika kwa sababu linauma kulisema: wagonjwa hufariki, na wengine hupona. Ikiwa familia hukaa na kampuni wastani wa miezi tisa, kampuni ya familia 20 inahitaji wapya wawili na ushee kila mwezi ili ibaki palepale. Kwa hiyo orodha ya wateja wa leo ina thamani ndogo kuliko muuzaji anavyodhani. Chenye thamani ni mkondo wa wapya. Andaa jedwali la miezi 24: kila familia iliingia lini, ilitumwa na nani, ilikaa muda gani, iliondoka kwa sababu gani. Karatasi hiyo moja inampa mnunuzi mwanga kuliko ripoti ya kurasa 40. Na ikionyesha kwamba wateja 15 kati ya 25 walitumwa na rafiki mmoja wa mmiliki wodini, basi huyo rafiki ndiye biashara, na mnunuzi atapanga bei hivyo.

Eneo nalo lina hesabu yake. Nyumba kumi zilizo kwenye barabara moja, Nyegezi hadi Buhongwa, ni rahisi kuzisimamia kuliko kumi zilizotawanyika Kayenze, Kisesa na Usagara. Nyumba za milimani Igogo au Mabatini, ambako bodaboda inaishia chini na mtu anapanda kwa miguu kati ya mawe, hula muda wa msimamizi usioonekana kwenye vitabu. Ng'ambo ya ziwa, hesabu za zamani zinahitaji kufanywa upya: daraja la JPM kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilometa 3, lilifunguliwa Juni 2025, na foleni ya kivuko iliyokuwa ikifanya zamu za Sengerema zisipangike imekwisha. Ukerewe bado ni meli na boti, na mhudumu wa huko ni wa kulala kwa mgonjwa.

Unauza hisa au unauza vitu?

Kampuni nyingi za aina hii zimesajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kama jina la biashara tu, chini ya mtu mmoja. Hapo hakuna hisa za kuuza. TIN (namba ya mlipakodi) ni ya mmiliki, namba ya mwajiri kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, ni yake, mikataba ya wahudumu inamtaja yeye. Kinachoweza kuuzwa ni vitu kimoja kimoja: vifaa, jina, namba ya simu, haki za mikataba ambazo familia zimekubali zihamishwe. Wahudumu wanaachishwa na mmoja na kuajiriwa na mwingine. Mwenye mwaka mmoja mbele yake anaweza kusajili kampuni yenye hisa, akahamishia shughuli humo, kisha akauza hisa akiwa na hesabu safi za mwaka mzima.

Kwenye hisa, mwajiri habadiliki. Mikataba, leseni za kampuni na akaunti zinaendelea, na madeni yote yanaendelea pamoja nazo. Mkazi anayeuza hisa hulipa kodi ya asilimia 10 ya faida aliyoipata, na kuna ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya bei. Uhamisho hausajiliwi BRELA kabla mamlaka ya mapato, TRA, hawajamaliza upande wao. Zaidi ya hapo, umiliki ukibadilika kwa zaidi ya asilimia 50, sheria ya kodi ya mapato inaweza kuihesabu kampuni yenyewe kana kwamba imeuza mali zake, kwa hiyo mhasibu aitwe kabla ya bei kukubaliwa. Kampuni ikiuza vitu vyake badala ya hisa, faida inaingia kwenye kodi ya kampuni ya asilimia 30, kisha gawio kwa mmiliki linakatwa tena.

Mnunuzi hupenda vitu kwa sababu anaacha madeni nyuma. Muuzaji hupenda hisa kwa kodi na kwa sababu hahitaji kuwaaga wahudumu. Kinachoamua ni ukubwa wa madeni yaliyojificha, na katika biashara hii yamejificha sehemu tatu.

Ya kwanza ni NSSF. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara kwa jumla, na kampuni changa huwa zinaandikisha wahudumu 10 na kuwaacha 14 kama "vibarua". Deni hilo linaongezeka na adhabu zake. Omba taarifa ya michango kwa jina la kila mhudumu na uilinganishe na orodha ya malipo ya M-Pesa ya mwezi huohuo. Kila jina lililo upande mmoja tu ni deni.

Ya pili ni mhudumu wa kulala, na hili ndilo zito. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki. Zinazozidi zinalipwa mara moja na nusu, na hazitakiwi kupita 50 kwa mzunguko wa wiki nne. Mkataba unaosema tu "atalala kwa mgonjwa, mshahara 320,000" haujataja saa hata moja. Mhudumu anayeamka saa nne usiku, saa sita, saa nane na saa kumi kumgeuza mgonjwa ili asipate vidonda vya kulalia upande mmoja, anafanya kazi usiku huo. Akienda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi, na daftari la kumgeuza mgonjwa lililosainiwa kwa mkono wake kila saa mbili, ushahidi ameuandika mwenyewe kwa maelekezo ya mwajiri. Kabla ya kuuza, panga wahudumu wawili kwa kupokezana au andika saa za kazi, za mapumziko na malipo ya ziada. Faida itashuka, na ni heri ishuke mikononi mwako kuliko kwenye barua ya wakili wa mnunuzi.

Ya tatu ni likizo na kiinua mgongo. Likizo ni siku 28 kwa mwaka, na ambazo hazikuchukuliwa zinadaiwa. Mwajiri anapomwachisha mtu, anadaiwa mshahara wa siku saba kwa kila mwaka aliomaliza, hadi miaka 10. Kwa mshahara wa 320,000 na siku 26 za kazi kwa mwezi, siku saba ni kama 86,000. Mwenye miaka minne anadai karibu 345,000. Wakiwa kumi, ni milioni 3.45 za kuwekwa mezani mapema na kukatwa kwenye bei kwa uwazi.

Leseni haziendi na funguo

Leseni ya biashara imeandikwa jina na eneo. Leseni ya uuguzi kutoka Baraza la Uuguzi na Ukunga ni ya mtu. Mmiliki akiwa ndiye muuguzi pekee mwenye leseni hai, siku anapoondoka kampuni inabaki na haki ya kuogesha, kulisha na kumtembeza mgonjwa tu. Kubadilisha mpira wa mkojo, kusafisha kidonda na kuchoma sindano kunamhitaji muuguzi. Mnunuzi asiye wa afya lazima awe na jina la muuguzi msimamizi, na nakala ya leseni yake, kabla ya siku ya kusaini.

Faili za wagonjwa zina sheria yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Katika ukaguzi mpe mnunuzi namba badala ya majina: "mgonjwa 07, kiharusi, Pasiansi, miezi 14". Kupiga picha faili na kuzirusha WhatsApp kwa mtu ambaye bado anafikiria ni kosa, na ni kumvunjia heshima mgonjwa.

Nani ananunua, na analipaje

Wanunuzi wa kweli ni wachache: kliniki binafsi inayotaka kuwafuata wagonjwa wake nyumbani, mshindani, Mtanzania aliye nje anayetaka biashara ya kurudia, na muuguzi wa ndani ya kampuni. Huyu wa mwisho ndiye tunayempendekeza mara nyingi, kwa sababu familia zinamjua na wahudumu wanamheshimu. Tatizo lake ni pesa. Benki inataka hati ya kiwanja, na jina zuri halipokelewi kama dhamana. Kwa hiyo karibu kila mauzo ya ukubwa huu yanalipwa kwa mafungu, na muuzaji anakuwa amemkopesha mnunuzi.

Kwa bei ya milioni 60, mgawanyo unaofanya kazi ni 30 siku ya kusaini, 18 baada ya miezi sita, na 12 baada ya mwaka. Mafungu mawili ya mwisho yafungwe kwenye kipimo. Kipimo kibaya ni idadi ya familia zilezile, kwa sababu kinamwadhibu muuzaji kwa vifo. Pima ankara zote za mwezi ukilinganisha na milioni 14 za mwanzo. Zikifika asilimia 85, fungu lilipwe lote. Kati ya 70 na 85, lipunguzwe kwa uwiano ulioandikwa. Chini ya 70, pande mbili zikae na wakili kuangalia sababu, kwani mnunuzi aliyepandisha bei wiki ya kwanza au kukata nauli za wahudumu asimtupie muuzaji hasara aliyoitengeneza. Andika basi kwamba kwa miezi sita bei za familia na mishahara ya wahudumu havibadilishwi bila muuzaji kuarifiwa.

Makabidhiano

Yapewe wiki 8 hadi 12, na muuzaji alipwe kwa kazi hiyo. Siku ya kusaini, wahudumu waandamizi waambiwe kwanza, asubuhi, ana kwa ana: mshahara unaingia tarehe ileile, miaka yao kazini inahesabiwa hivi, msimamizi ni fulani. Familia zipigiwe siku hiyohiyo kabla jua halijazama. Apigiwe anayelipa, hata kama yuko Dar es Salaam au London, na pia aongeleshwe anayeishi na mgonjwa. Ukimwacha mmoja, atasikia kwa jirani.

Kisha ni nyumba kwa nyumba, kwa barabara: siku moja Nyegezi, Mkolani na Buhongwa, nyingine Kirumba, Pasiansi na Bwiru, nyingine Nyakato, Igoma na Kisesa. Mmiliki wa zamani amtambulishe mpya mbele ya mgonjwa mwenyewe: "Shikamoo mama. Huyu ndiye atakayekuwa anakuja kukuona." Kwa mgonjwa mwenye kusahau, mhudumu wake asibadilishwe katika miezi hiyo hata kwa siku moja. Sura mpya mbili kwa pamoja zinamvuruga, anakataa kula na kuogeshwa, na familia italaumu mauzo.

Namba ya simu ishughulikiwe mapema kuliko watu wanavyofanya. Laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha NIDA na alama za vidole za mmiliki, na mara nyingi ndiyo WhatsApp ya kazi na ndiyo inayopokea malipo. Kuihamishia kwa mnunuzi kunawataka wote wawili wafike dukani kwa mtandao husika. Lipa namba ya mnunuzi iandikwe kwenye ankara miezi miwili mfululizo kwa herufi kubwa, na mkataba useme kwamba pesa itakayoingia kwa muuzaji kimakosa irejeshwe ndani ya siku tatu pamoja na taarifa ya muamala. Familia moja au mbili zitaendelea kutuma kwa zamani hata baada ya nusu mwaka, kwa sababu namba ile imehifadhiwa kwenye simu ya mtoto aliye mbali.

Fungu la milioni 12 lisitolewe kwa tarehe peke yake. Wakili anayesimamia malipo aone kwanza barua ya NSSF kwamba hakuna deni la kipindi cha muuzaji, hati ya TRA ya kumaliza kodi, na uthibitisho kwamba hakuna shauri la mhudumu mbele ya Tume. Malalamiko ya kuachishwa kazi hufunguliwa ndani ya siku 30 na mengine ndani ya siku 60, kwa hiyo hadi mwaka unapofika, ya siku za makabidhiano yatakuwa yameshajitokeza.